Anayeanza dawa leo anaweza kuambukiza hadi lini?

Chukua mfano, msomaji, wa dereva mmoja wa malori anayekaa Miritini. Asubuhi ameingia katika hospitali moja ya upande wa Changamwe kwa sababu ya uchungu anapokwenda haja ndogo. Akashauriwa apimwe damu pia, na majibu yakatoka kwamba ana virusi vya ukimwi. Siku iyo hiyo akapewa dawa ya ule uchungu pamoja na chupa ya tembe za kupunguza makali ya virusi. Jioni yumo ndani ya matatu barabara ya Nairobi, anapita Mikindani, anapita Jomvu, chupa iko mfukoni mwa koti, na kuna swali moja linalomkera ambalo hakuthubutu kumuuliza sista aliyempa dawa: usiku wa leo itakuwaje? Mkewe anamngoja nyumbani. Hajui lolote.

Mfano huu tumeutunga, lakini swali lenyewe si la kutunga. Tangu Kenya ilipoamua mwaka 2016 kwamba kila anayepatikana na virusi aanze dawa bila kungoja kinga ya mwili ishuke, watu wengi hurudi nyumbani na chupa hiyo siku ile ile wanapopata majibu, au siku chache baadaye. Wako wanaodhani kwamba tembe ya kwanza ikishapita kooni hatari imekwisha. Wako wengine wanaodhani kwamba ndoa ndiyo iliyokwisha, kwamba mtu akishapatikana na virusi basi maisha yake yote atakuwa ni wa kuogopwa kitandani. Wote wamekosea. Ukweli uko katikati na una tarehe zake, na mtu akizijua tarehe hizo anaweza kumkinga mwenzake katika miezi ile michache iliyo na hatari kubwa.

Kwanza tufahamu jinsi hatari yenyewe inavyopimwa.

Wingi wa virusi ndio msingi

Jibu lililo wazi lilitoka kwa jirani zetu wa Uganda, katika wilaya ya Rakai, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 watafiti walifuatilia jozi 415 za mume na mke ambapo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hakuwa navyo. Dawa za kupunguza makali hazikuwako wakati huo kwa mwananchi wa kawaida. Katika jozi 90 yule aliyekuwa salama naye akaambukizwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba jambo lililotangulia mengine yote ni wingi wa virusi katika damu ya yule aliye navyo. Pale ambapo mililita moja ya damu (yaani kama sehemu ya tano ya kijiko cha chai) ilikuwa na virusi zaidi ya 50,000, wenzi wapatao 23 kati ya 100 waliambukizwa kwa mwaka mmoja. Pale virusi vilipokuwa chini ya 1,500, hakuambukizwa hata mmoja.

Hapa nataka kusema kando kidogo. Utafiti huo ulizua ubishi mkubwa, na jarida lile lile lililouchapisha lilitoa pia makala ya mhariri wake yenye kuhoji kama ilikuwa haki kufuatilia watu hao huku wengine wakiambukizwa. Ni swali zuri. Lakini elimu iliyopatikana kwa gharama hiyo itakuwa imepotea bure kama haitawafikia watu wa kawaida, na ndiyo maana naitumia hapa.

Mwaka uliofuata, kutokana na watu wa Rakai hao hao, ilihesabiwa hatari ya kila tendo moja la ndoa. Kwa wastani ilikuwa kama 1 katika 1,000. Aliye na virusi vichache sana alikaribia 1 katika 10,000. Aliye na virusi vingi, kuanzia 38,500 kwenda juu, alifikia 23 katika 10,000. Na palipokuwa na vidonda sehemu za siri wastani uliruka hadi 41 katika 10,000.

Nambari hizi zina mtego. Msomaji akisikia "1 katika 1,000" hujiambia: basi mara 999 niko salama. Sivyo. Chukua kikapu chenye kunde 1,000, nyeupe 999 na nyeusi moja tu. Fumba macho, utie mkono, utoe punje moja. Ikiwa ni nyeupe irudishe, utikise kikapu, utoe tena. Ile nyeusi yaweza kutoka mara ya kwanza, na yaweza isitoke kwa miaka. Kikapu hakikumbuki umekwisha toa mara ngapi. Na aliye na virusi vingi anachezea kikapu chenye punje nyeusi zaidi ya mbili kwa kila elfu, huku mwenye vidonda akiwa na zaidi ya nne.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Tuseme ana virusi vingi, na hukutana na mkewe kama mara mbili kwa juma, yaani mara 100 kwa mwaka. Ukifanya hesabu utapata kwamba kati ya wake 100 walio katika hali kama ya huyu bibi, wapatao 20 wataambukizwa ndani ya mwaka mmoja. Linganisha na wale 23 wa Rakai: hesabu mbili zilizofanywa kwa njia tofauti zinakaribiana. Kwa mwezi mmoja tu ni kama 2 kati ya 100. Waweza kusema ni wachache. Lakini hebu fikiri mtaa wenye nyumba 100 za namna hiyo, na kila mwezi nyumba 2 zinaingiwa na ugonjwa usiopona.

Mombasa ilipata nambari nyingine

Wakazi wa Miritini wana haki ya kuuliza kama mambo ya Rakai, kijijini, yanawahusu wao wanaoishi kando ya barabara kuu. Swali hilo lilikwisha pata jibu hapa hapa Mombasa. Kati ya 1993 na 1997 wafanyakazi wa kiume wa kampuni za malori mjini humu walifuatiliwa, nao wote hawakuwa na virusi wakati wa kuanza. Hesabu ya wanaume 745 kati yao ilichapishwa mwaka 2005. Ilionekana kwamba hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke aliye na virusi ilikuwa kama 1 katika 160 kwa kila tendo. Kwa asiyetahiriwa ilikuwa kama 1 katika 80, na kwa aliyetahiriwa kama 1 katika 200.

Hiyo ni mara sita ya wastani wa Rakai. Kwa nini? Wale wa Rakai walikuwa ni mume na mke waliokaa pamoja muda mrefu. Wale wa Mombasa walikuwa watu wa safari, wenye wapenzi zaidi ya mmoja, mahali ambapo kisonono, kaswende na vidonda vilikuwa vimeenea. Hakuna nambari moja ya kila mtu. Anayekuambia kwamba hatari ni kiasi fulani, halafu hakuulizi juu ya vidonda wala magonjwa ya zinaa wala muda tangu uambukizwe, amekupa nusu ya jibu.

Na tusije tukawabebesha madereva lawama ya peke yao. Virusi havimjui dereva, mwalimu wala karani wa bandari.

Hali ya mtu kabla ya tembe ya kwanza

Wanaoanza dawa hawafanani. Yule aliyeambukizwa majuma machache yaliyopita ana virusi vingi kupita kiasi, kwa sababu mwili wake haujajifunza kupigana navyo. Rakai tena ilionyesha, katika hesabu iliyochapishwa mwaka 2005, kwamba katika miezi miwili na nusu hivi ya mwanzo hatari ilikuwa 82 katika 10,000 kwa kila tendo. Halafu inafuata miaka ya kimya ambapo hatari inashuka hadi kama 7 katika 10,000, na mtu anaonekana mzima kabisa, anabeba mizigo, anacheza mpira. Kisha mwishoni, ugonjwa unapokomaa na mwili kudhoofika, inapanda tena hadi 28 katika 10,000.

Jambo la kutisha ni kwamba anayekuambukiza kwa urahisi zaidi ni yule ambaye hana hata dalili, kwa kuwa aliambukizwa mwezi uliopita. Pengine alipata homa kidogo na maumivu ya koo akadhani ni malaria. Kumtazama mtu usoni hakusaidii kitu.

Tena yako magonjwa ya zinaa. Dereva wetu alikwenda hospitali kwa sababu ya uchungu wa mkojo, na wengi hulichukua jambo hilo kuwa dogo mbele ya ukimwi. Si dogo. Huko Lilongwe, Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba wanaume wenye virusi waliokuwa na uvimbe wa njia ya mkojo walikuwa na virusi katika manii mara 8 zaidi ya wenzao wasio na ugonjwa huo. Walipotibiwa, baada ya majuma mawili virusi hivyo vilikuwa vimepungua. Kwa hivyo ile dawa nyingine aliyopewa asubuhi, ambayo huenda akaisahau kwa sababu ya mshtuko, nayo ni kinga kwa mkewe. Aimalize. Na mkewe atibiwe pia, la sivyo watarudishiana kama mpira.

Kwa kawaida hospitali zetu hazipimi wingi wa virusi siku ya kuanza dawa. Kipimo cha kwanza huja baada ya miezi 3 hadi 6. Basi siku ile ya chupa ya kwanza, muuguzi hukadiria kwa maswali tu: umewahi kupimwa lini mara ya mwisho? Una kidonda au usaha? Mwenzako amepimwa? Mlikutana lini mara ya mwisho, na mlitumia mpira? Msomaji ukiulizwa hivyo usione kwamba unachunguzwa tabia. Kila jibu linaingia katika hesabu, na ukificha moja hesabu inaharibika.

Watafiti waliofanya kazi na jozi za mume na mke katika Afrika ya Mashariki na Kusini waliyageuza maswali ya namna hiyo kuwa kipimo cha alama, kilichochapishwa mwaka 2013. Walitazama umri wa yule asiye na virusi, wana watoto wangapi pamoja, wanakaa nyumba moja au la, kama mwanamume asiye na virusi ametahiriwa, kama wamekutana bila mpira katika mwezi uliopita, na wingi wa virusi kama unajulikana. Walioonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi walikuwa vijana wasio na watoto au wenye watoto wachache. Ukifikiri kidogo utaona sababu: hao ndio wanaotafuta mtoto, na mtoto hatafutwi kwa mpira.

Majuma ya mwanzo ya dawa

Sasa tembe zimeanza kumezwa. Nini kinatendeka?

Hapa pia Mombasa ina ushahidi wake. Wanawake 20 wa mji huu, ambao hawajawahi kutumia dawa hizi, walipimwa damu na majimaji ya ukeni kabla ya kuanza, kisha mara kadhaa katika majuma manne yaliyofuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Virusi vilianza kushuka upesi ajabu, katika damu na katika shingo ya kizazi ndani ya siku 2 tu. Habari njema. Lakini siku ya 28 ilipofika, baadhi yao bado walikuwa na virusi vinavyoonekana. Kushuka si kwisha.

Dawa za leo zina nguvu zaidi kuliko za wakati ule. Chupa nyingi zinazotolewa Kenya sasa zina tembe moja ya kila siku iliyochanganywa dawa tatu, wengine huijua kwa herufi TLD, na mojawapo ya hizo tatu ni dolutegravir. Katika utafiti uliofanywa nchi za ng'ambo na kuchapishwa mwaka 2013, nusu ya waliopewa dawa hiyo pamoja na nyingine mbili walikuwa wamefika chini ya virusi 50 kwa mililita katika siku 28, ilhali waliopewa mseto wa zamani walichukua siku 84. Lakini angalia neno "nusu". Nusu nyingine walichukua muda zaidi. Na hakuna anayeweza kujijua, kwa kujisikia tu, kwamba yumo katika nusu ipi. Hamu ya chakula hurudi, uzito huongezeka, ngozi inang'aa, na virusi huenda bado viko.

Je, watu wameambukizwa kweli katika kipindi hicho? Ndiyo. Utafiti mkubwa wa jozi za mume na mke wa Kenya na Uganda, ambao ulikuwa na vituo Kisumu, Eldoret, Thika, Nairobi na sehemu kadhaa za Uganda, uliwafuatilia wale walioanza dawa. Taarifa ya mwaka 2016 ilisema kwamba wenzi 3 waliambukizwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo tangu mwenzao aanze kumeza tembe. Baada ya miezi 6 hakuambukizwa hata mmoja. Tatu ni nambari ndogo. Lakini ukilinganisha na muda mfupi waliofuatiliwa, kasi ya kuambukizwa katika miezi ile 6 haikuwa mbali sana na ile ya kabla ya dawa. Na kila mmoja wa hao watatu alikuwa na mwenzi ambaye tayari alikuwa na chupa mkononi.

Ndiyo maana waganga wanasema miezi 6. Si kwamba siku ya 180 kuna kengele inayolia. Ni muda wa tahadhari uliowekwa ili hata wale wanaochelewa wawe wamefika, na unakwisha tu pale kipimo cha wingi wa virusi kinapotoka na kuonyesha kwamba vimeshuka.

Kivuko

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kufundishwa maana ya kivuko. Unatoka Likoni, unakwenda kisiwani, na katikati kuna maji ambayo huwezi kuyatembea. Miezi 6 ya mwanzo ndiyo maji hayo, na mwenzi asiye na virusi anahitaji chombo cha kumvusha.

Chombo kimoja ni mpira. Katika jozi zaidi ya 3,000 za nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya na Tanzania, hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kutumia mpira kulipunguza hatari kwa asilimia 78. Mbona si asilimia 100? Kwa sababu ni watu wenyewe waliosema walitumia, na mpira mwingine huvaliwa kwa kuchelewa, mwingine hupasuka, mwingine hubaki kwenye droo.

Chombo cha pili ni tembe za kinga ambazo humezwa na yule asiye na virusi, wanazoziita PrEP, na ambazo serikali ya Kenya ilianza kuzitoa mwaka 2017. Hizi zilijaribiwa katika kazi ya kivuko chenyewe. Jozi 1,013 za Kenya na Uganda, zilizochaguliwa kwa kile kipimo cha alama nilichotaja kwa sababu zilikuwa katika hatari kubwa, zilipewa utaratibu huu: aliye na virusi aanze dawa, asiye navyo ameze tembe za kinga hadi mwenzake atimize miezi 6 ya matibabu, kisha aache. Kwa hali yao ilitarajiwa kwamba watu kama 40 wangeambukizwa. Taarifa ya mwaka 2016 ilisema walioambukizwa walikuwa 2.

Mke wa dereva wetu akipimwa na kuonekana hana virusi, anaweza kuomba tembe hizo. Ajue kwamba kinga haikamiliki siku ya kwanza. Kwa mwanamke huchukua takriban siku 7 za kumeza kila siku. Na kama walikutana bila mpira ndani ya saa 72 zilizopita, ziko dawa za dharura za siku 28 ambazo hutakiwa kuanzwa upesi, kila saa ikipita zinapungua faida. Kwa hiyo kusema "tutakwenda Jumatatu" kunaweza kuwa ni kuchelewa.

Tena asidanganyike na jibu moja. Kipimo cha haraka hutafuta askari wa mwili, si virusi vyenyewe, na askari hao huchukua majuma kadhaa, hata miezi 3, kujitokeza. Akipimwa leo akaonekana hana, arudie. Wala mume asiseme "mke wangu hana, kwa hiyo hata mimi sina", wala kinyume chake. Kuna watu waliokaa miaka katika ndoa, mmoja anavyo na mwingine hana, na si uchawi wala si ushahidi wa jambo lolote. Ni kile kikapu cha kunde.

Ikiwa bibi ni mjamzito au ananyonyesha, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa akiambukizwa wakati huo virusi vyake vitakuwa vingi kama tulivyoona, na mtoto yuko karibu.

Maneno magumu nyumbani

Yote haya yanahitaji kitu kimoja ambacho hakiuzwi duka la dawa: mke aambiwe. Tembe za kinga huwezi kumpa mtu ambaye hajui kwa nini anazimeza.

Mwaka 2003 na 2004, dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana Mombasa, kulikuwa na hofu kwamba watu wakipata nafuu watalegea na kuambukiza wengine. Watafiti waliwafuatilia watu 234 walioanza dawa katika hospitali kuu ya Pwani, hospitali ya Port Reitz na kliniki ya Bomu, hizi mbili za mwisho zikiwa upande huu huu wa bara tunaouzungumzia. Baada ya miezi 12 ilionekana kwamba hofu haikuwa na msingi, na mwenendo wa wengi ulikuwa wa tahadhari kuliko mwanzo. Wagonjwa si maadui wa wenzi wao. Ambacho mara nyingi huwashinda ni namna ya kuanza mazungumzo.

Wanawake wengi huogopa kusema kwa sababu wanajua kitakachofuata: kipigo, au nguo zao nje ya mlango. Hofu hiyo ni ya kweli na mshauri mwema hatamlazimisha mtu arudi nyumbani peke yake na habari hiyo. Ziko njia. Mgonjwa anaweza kumleta mwenzake wapimwe pamoja kama kwamba ndiyo mara ya kwanza, na majibu yakatolewa mbele yao wote wawili na mtu aliyefunzwa. Anaweza kumwachia muuguzi kazi ya kumwita mwenzi bila kutaja ni nani aliyetoa jina. Anaweza pia kupewa muda wa kujiandaa, na katika muda huo atumie mpira, kwa kisingizio cha ule ugonjwa wa mkojo ikiwa hana kingine. Mimi binafsi sipendi visingizio baina ya mume na mke. Lakini napenda zaidi mke abaki mzima.

Baada ya kufika ng'ambo

Kipimo kikitoka na virusi viko chini kiasi cha kutoonekana, mambo hubadilika kabisa. Katika utafiti wa nchi za Ulaya uliochapishwa mwaka 2016, watu wenye virusi waliotibiwa vizuri walikutana na wenzi wao bila mpira mara zipatazo 58,000, na hakuna mwenzi hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi: ambaye virusi vyake havionekani kwa kipimo na anaendelea na dawa, hana hatari yoyote ya kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Aliye navyo vichache, visivyozidi 1,000, hatari yake ni karibu na sifuri. Jozi kama hiyo yaweza kutafuta mtoto kwa njia ya kawaida.

Sharti ni tembe kila siku. Mtu akiziacha, virusi hurudi mara nyingi ndani ya majuma mawili au matatu, na yeye hasikii kitu. Mwaka 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla na kliniki kadhaa zikayumba, wako waliofikiria kumeza tembe siku moja na kuruka nyingine ili chupa idumu. Hilo ni kosa kubwa. Afadhali kwenda kliniki nyingine na kadi yako ukaeleza. Madereva nao wana tatizo lao: lori limekwama mpakani siku tisa, na tembe zimebaki Miritini. Anayejua safari zake aombe za miezi kadhaa, na chache aziweke kwenye gari.

Kwa dereva wetu basi kalenda ni hii. Leo usiku alale bila kumkaribia mkewe, au atumie mpira. Kabla ya saa 72 kwisha tangu walipokutana mara ya mwisho, mkewe awe amefika kliniki. Dawa ya mkojo aimalize yote. Tembe za virusi azimeze saa ile ile kila siku, na mkewe, ikiwa hana virusi, ameze zake za kinga. Mkewe arudie kupimwa baada ya miezi 3. Naye dereva, siku ya kupimwa wingi wa virusi itakapofika, asikubali kuondoka kliniki bila kuambiwa lini karatasi ya majibu itakuwa tayari, na siku hiyo aende kuichukua yeye mwenyewe, aulize nambari iliyoandikwa juu yake ni ngapi.